Boston 8, Vancouver 1: ule uhuni ulianzia wapi?

Mlinzi_wa_Garden

Wakuu, kila mchujo wa NHL, ile ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, ukifika na timu moja ikachapwa sita au nane, mabishano ni yaleyale: eti aliyezidiwa mabao ndiye anayeanzisha fujo kwa hasira. Na mfano unaoletwa mezani ni uleule, fainali ya Kombe la Stanley 2011, mechi ya tatu kati ya saba, Juni 6, Boston Bruins 8, Vancouver Canucks 1.

Nabisha. Mechi ile haikuharibiwa na mabao. Iliharibika ikiwa bado 0-0, na chanzo chake kilikuwa siku tano nyuma, huko Vancouver.

Niwarudishe kidogo. Juni 1, mechi ya kwanza, kipindi cha kwanza kinaisha, wachezaji wamekabana. Patrice Bergeron wa Boston ana mkono usoni kwa Alex Burrows wa Vancouver. Burrows anakifungia mdomo kidole cha mwenzake. Marudio yalionyeshwa mpaka tukachoka. Mike Murphy, aliyekuwa anashughulikia nidhamu ya fainali ile kwa niaba ya ligi, akasema haoni ushahidi wa kutosha kwamba jamaa aling'ata kwa makusudi. Hakufungiwa hata mechi moja. Mechi ya pili, Burrows huyohuyo akafunga la kwanza, akatoa pasi ya la pili, kisha akamaliza kazi sekunde 11 tangu dakika za nyongeza zianze. Vancouver 3, Boston 2. Na katikati ya mechi hiyo Maxim Lapierre wa Vancouver anamsogezea Bergeron vidole mdomoni, yaani haya na wewe ng'ata.

Sasa unarudi nyumbani Boston, umepoteza mechi zote mbili za kwanza, na hayo yote umeyameza. Dakika ya sita ya mechi ya tatu, Nathan Horton anakaribia mstari wa buluu, mpaka wa eneo la Vancouver, anatoa pasi upande wa kushoto, anaifuata kwa macho. Beki Aaron Rome anamvaa kwa bega. Horton chali, kichwa kwenye barafu, machela, hospitali ya Massachusetts General. Rome akatolewa, na kesho yake akafungiwa mechi nne.

Baada ya hapo kila mtu alikuwa na deni la kulipa. Ligi ilifumbia macho jino, watu wakaamua kujihukumia wenyewe. Hayo mabao nane yalikuja juu ya mambo ambayo tayari yalishaoza.

Simba_wa_Kariakoo

Mtoa mada, mimi barafu naijua ya kwenye juisi tu, lakini hapo kwenye kung'ata umenishika. Suárez alimng'ata Chiellini Kombe la Dunia 2014, FIFA wakamfungia mechi tisa za taifa na miezi minne asiguse mpira. Huyu wenu alipewa nini?

Mlinzi_wa_Garden

Dakika nne kwenye kiboksi cha adhabu. Na si kwa kung'ata, kwa purukushani.

Simba_wa_Kariakoo

Dakika nne! Halafu mechi inayofuata anafunga la ushindi? Hiyo ligi ina wenyewe.

Mvua_ya_BC

Mwenye uzi ametuanzia hadithi pale panapomfaa yeye. Yakhe, mkono wa Bergeron ulifikaje mdomoni mwa Burrows? Uliruka wenyewe? Ukimsukumia mtu glavu usoni mpaka kidole kikaingia kinywani, halafu ukaenda kushtaki, huo ni ustaarabu gani? Sisemi alifanya vizuri. Nasema hadithi ina mwanzo kabla ya mwanzo wako.

Tuje kwa Rome. Bega, si kiwiko. Miguu iko kwenye barafu, hakuruka. Kisahani, yaani mpira wa mchezo huu, ndiyo kwanza kimetoka kwenye gongo la Horton. Mechi NNE za fainali. Kabla ya hapo hakuna mtu aliyewahi kufungiwa zaidi ya mechi moja kwenye fainali. Chris Pronger 2007 alimpiga Dean McAmmond wa Ottawa kiwiko cha kichwa: mechi moja. Kiwiko kichwani moja, bega lililochelewa kidogo nne. Nieleze hesabu hiyo nielewe.

Halafu unasema Boston "waliyameza". Mechi hiyohiyo Milan Lucic alikuwa anamtia Burrows vidole usoni. Mark Recchi, babu wa miaka 43, kafunga mawili usiku ule na bado anamnyooshea Lapierre kidole ang'ate. Na hii ni baada ya kocha wao Claude Julien kusimama mbele ya waandishi akilaani kitendo cha Lapierre na kusema kwake kisingekubalika. Mkuki kwa nguruwe.

Baba_Edmonton

Nyote wawili mnazungumza kama vile vurugu ni ajali. Mimi nafuatilia huu mchezo toka timu yetu ya Oilers ya Gretzky haijavunjwa, naomba niwaambie kitu kimoja. Kabla mechi ya tatu haijaanza, Julien alimtoa Tyler Seguin, kijana wa magoli, akamwingiza Shawn Thornton. Thornton hakuwekwa kwenye kikosi kwa ajili ya pasi zake. Kocha alishaamua aina ya mechi anayoitaka kabla Rome hajamgusa mtu.

Na mechi ikishaamuliwa, 4-0 mwanzoni mwa kipindi cha tatu, kinachobaki si mechi hiyo tena. Fainali hii ni ya anayetangulia kushinda nne, maana yake kesho kutwa mnakutana tena, watu walewale, uwanja uleule. Kipindi cha tatu unakitumia kumfanya beki wa wenzako afikirie mara mbili kabla ya kwenda kuchukua kisahani kwenye kona. Ndiyo maana unaona Ryan Kesler wa Vancouver na Dennis Seidenberg wa Boston wanavua glavu wapigane, ndiyo maana hata Daniel Sedin wa Vancouver, mtu mpole kuliko wote pale, anapigwa dakika 10.

Simba_wa_Kariakoo

Swali la mgeni: mtu akipewa dakika 10, timu inabaki pungufu dakika zote hizo? Si watafungwa 20?

Kipa_wa_Panari

Zile za dakika mbili, nne na tano ndizo zinazoacha timu pungufu. Ya dakika 10 mchezaji anakaa nje lakini nafasi yake inajazwa, mnabaki watano na kipa. Kwa hiyo mechi ikishachafuka, refa huwa anazitumia kama fagio: anawaondoa wakorofi wa pande zote bila kuharibu hesabu ya uwanjani. Ukifungiwa dakika 10 zikiwa zimebaki nane, umeenda kuoga. Ukiona zinagawiwa kwa wingi, jua marefa wameshakubali kwamba lengo sasa ni mechi kuisha bila mtu kwenda hospitali.

Naandika kutoka Nairobi, nacheza golini. Uwanja wetu pale Panari, Mombasa Road, ni mdogo kuliko kipimo cha kimataifa, kwa hiyo hiyo raha ya mtu kukujia akiwa na kasi kamili tunaiona kwa TV. Lakini kuhusu "kuchelewa kidogo" kwa Rome nina la kusema. Mchezaji wa NHL akienda kilomita 30 kwa saa, na wengi hupita hapo, sekunde moja ni mita nane na ushee. Ligi ilisema Rome alichelewa, na ni takriban sekunde moja baada ya kisahani kuondoka. Hiyo si "ndiyo kwanza kimetoka". Ndani ya muda huo Horton alishamaliza kazi yake, kichwa kimegeuka, mwili umelegea. Mtu anayejua anagongwa hujikaza, hukunja magoti, hushusha bega. Asiyejua anakwenda chini kama gunia.

Mvua_ya_BC

Kipa, nakuheshimu, lakini beki anayerudi nyuma akiwa ameshaamua kumvaa mshambuliaji hana breki za gari. Na Horton naye kuitazama pasi yako ukiwa katikati ya uwanja wakati unaingia eneo la adui, watoto wa miaka kumi huku Kanada wanakatazwa.

Kipa_wa_Panari

Hapo kwenye kutazama pasi hatubishani.

Kwetu_Bukavu

Ndugu zangu, munisikilize mimi pia. Niko Montréal, kwetu Bukavu. Nasoma hapa mtu wa Boston analia juu ya haki na nidhamu, nimecheka mpaka bibi yangu ameuliza kuko nini.

Mwaka uleule 2011, Machi 8, hapa kwetu, uwanja wa Centre Bell. Zdeno Chara, nahodha wa Boston, mtu mrefu kuliko wote katika ligi, alimsukuma kijana wetu Max Pacioretty pale kati ya mabenchi mawili, kichwa kikapiga nguzo inayoshika kioo. Mfupa wa shingo ulivunjika, na ubongo ulitikisika vibaya. Kisahani kilikuwa kimeshapita! Adhabu? Dakika tano, akatolewa, basi. Hata mechi moja hakufungiwa. Polisi ya mji ilifungua uchunguzi. Air Canada iliandikia ligi barua kusema inaweza kuondoa udhamini wake. Ligi ikasema ni tukio la mchezo.

Mwezi wa nne tukakutana nao raundi ya kwanza, mechi ya saba, dakika za nyongeza, nani alitufunga? Horton. Na Chara yuko pale anashangilia. Sasa huyo Horton kugongwa Juni munataka dunia nzima isimame? Muko na sheria gani, ile ya Boston peke yake?

Mimi simfurahii mtu kuumia. Lakini hadithi ya mwenye uzi, kwamba ligi ilifungua mlango Juni 1 kwa jino, hapana. Mlango ulifunguliwa Machi, na aliyeupita wa kwanza alivaa jezi ya Boston.

Mvua_ya_BC

Ongea baba! 😂

Mlinzi_wa_Garden

Kwetu_Bukavu, la Chara siwezi kulitetea kwa hoja ya "nguzo ilikuwa pale", ingawa wengi hapa Boston ndiyo wimbo wao. Alipaswa kufungiwa. Lakini angalia unachonisaidia kusema: Machi ligi inaachia, Juni 1 ligi inaachia, Juni 7 ghafla mechi nne. Wachezaji wanasoma nini hapo? Kwamba hakuna anayejua bei ya kosa. Na pasipo na bei kila mtu anajaribu.

Mvua, kuhusu vidole vya Lucic na Recchi, ni aibu, na Julien mwenyewe aliwakalisha akawaambia. Ila nikukumbushe kwamba zile dakika tano za Rome, Boston wakiwa zaidi kwa mtu mmoja, hatukufunga kitu. Kipindi cha kwanza kiliisha 0-0. Andrew Ference akafungua sekunde ya 11 ya kipindi cha pili, wakafuata Recchi, Brad Marchand na David Krejci. Mawili kati ya nane, la Marchand na la Daniel Paille, tulifunga TUKIWA PUNGUFU. Na matatu ya mwisho yaliingia dakika za mwishoni kabisa, kila mtu ameshachoka. Kwa hiyo asije mtu akasema refa alitupa mechi.

Mvua_ya_BC

Nani kasema refa? Kipa wetu Luongo alikula nane. Hilo nalikubali bila kusukumwa. Kipa wenu Thomas aliokoa 40 upande wa pili, na akapata muda wa kutoka golini na kumpiga kikumbo Henrik Sedin wetu kama beki. Kipa! Nilikuwa nimeshika kichwa.

Baba_Edmonton

Kile kikumbo cha Thomas ndicho kitendo safi kuliko vyote vya usiku ule, na nasema hivyo kwa moyo wote.

Muuguzi_Quincy

Habari zenu. Nimesoma uzi wote na naona mnabishana nani alianza, kama watoto waliokutwa na sufuria tupu. Mimi nafanya kazi na wagonjwa wa kichwa, niruhusuni niingilie mahali pamoja.

Murphy alipoeleza zile mechi nne alitaja vitu viwili: kugonga kulichelewa, na Horton aliumia vibaya. Hicho cha pili ndicho kinachonisumbua. Ukipima adhabu kwa jeraha, unampa hakimu kazi ambayo hata daktari haiwezi usiku uleule. Mtikisiko wa ubongo hauna plasta wala picha ya mfupa. Nyota wa Pittsburgh, Sidney Crosby, aligongwa kichwani Januari 1, 2011, akaonekana mzima, akacheza tena Januari 5, akagongwa tena. Hakurudi uwanjani mpaka Novemba 21. Sasa yule wa Januari 1 ungemhukumu kwa jeraha lipi? Siku ile hapakuwa na jeraha la kuonyesha mtu.

Watu wa Boston mnalijua hili kuliko wote. Marc Savard wenu aligongwa na Matt Cooke wa Pittsburgh Machi 2010. Cooke hakufungiwa, kwa sababu kwa kitabu cha wakati ule kugonga kichwa kwa bega kutoka upande asioona mtu hakukuwa kosa lenye jina. Kwa ajili ya vitu kama hivyo ikaletwa kanuni ya 48, ya kukataza kugonga kichwa namna hiyo. Savard alirudi, akaumia tena Januari 2011, na ndiyo ikawa mwisho wake wa kucheza. Jina lake liliandikwa kwenye kombe la 2011 lakini hakucheza hata mechi moja ya mchujo ule.

Kwa hiyo kitendo cha Rome kingestahili adhabu ileile hata kama Horton angeinuka, akapangusa barafu na kuendelea. Na kama asingeumia, mimi na nyinyi tunajua Rome angefungiwa ngapi.

Simba_wa_Kariakoo

Ngapi?

Muuguzi_Quincy

Moja kwa bahati mbaya. Sifuri kwa kawaida.

Mvua_ya_BC

Dada, asante. Hicho ndicho nimekuwa nikikitafuta maneno.

Panga_Butu

Rome ni mhalifu tu. Alimaliza kazi ya mtu. Horton hakucheza tena baada ya pale.

Muuguzi_Quincy

Hapana, Panga_Butu. Horton alicheza tena, alifika fainali nyingine na Boston 2013, kisha akasaini mkataba wa miaka saba Columbus. Kilichomtoa kwenye mchezo ni mgongo. Tusimbebeshe Rome mzigo usio wake, alionao unatosha.

Baba_Edmonton

Muuguzi, naheshimu kazi yako, ila ukiadhibu kitendo pasipo kuangalia kilichotokea, kila kikumbo kilichochelewa kidogo kitakuwa kesi. Msimu mzima utakuwa kesi. Mchezo huu unaenda kasi, watu wamefungwa ndani ya kuta, hakuna mstari wa kutoka nje kama kandanda. Kugongana ndiyo sehemu ya kazi, wameisaini.

Muuguzi_Quincy

Walisaini kugongwa wakiwa na kisahani. Wiki chache kabla ya fainali ile, Mei 13, alifariki Derek Boogaard wa New York Rangers, miaka 28. Kazi yake ilikuwa kupigana. Ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa umeharibika kama wa mtu mzee. Sisemi Rome na Boogaard ni kitu kimoja. Nasema hilo neno "wameisaini" hunikaba kooni.

Baba_Edmonton

Boogaard ni habari nyingine na inauma. Naliondoa neno hilo kwa heshima yake, hoja yangu naibakiza.

Simba_wa_Kariakoo

Mimi kinachonishangaza ni jinsi nyie mnavyoona kawaida. Novemba 2023 Yanga walitufunga tano kwa moja, sitaki kulizungumzia zaidi ya hapo, lakini hakuna mtu aliyetoka kwa machela. Brazil walikula saba kwa moja nyumbani kwao, Wajerumani wakawakumbatia mwishoni. Huko kwenu timu inashinda 8-1 na bado INAYOSHINDA inawatia wenzao vidole mdomoni?

Kipa_wa_Panari

Brazil hawakuwa wanakutana na Ujerumani siku mbili baadaye, halafu tena, halafu tena. Ungepanga Simba na Yanga mechi saba mfululizo ndani ya wiki mbili, ya tatu inaisha 8-1, uone ya nne itakuwaje pale kwa Mkapa.

Simba_wa_Kariakoo

Hiyo ya nne mimi nabaki nyumbani.

Kwetu_Bukavu

Na ile ya nne ya kwao ilikuwaje? Niliacha kuangalia kwa hasira.

Mlinzi_wa_Garden

Juni 8, Boston 4-0. Ilikuwa kali lakini ya kawaida. Hiyo inampa Baba_Edmonton nusu ya haki, kwamba mechi ya tatu iliwatisha watu. Ya tano Vancouver 1-0, bao la huyohuyo Lapierre. Ya sita Boston 5-2. Ya saba kwao, Juni 15, 4-0, Tim Thomas mchezaji bora wa mchujo. Jumla ya mabao katika mechi saba: 23 kwa 8. Mtu akikuambia tulishinda kwa ubabe, mwambie ahesabu nyavu.

Kabla ya mechi ya saba Horton alisafiri na timu mpaka Vancouver, hawezi kucheza, akabeba chupa ya maji yaliyoyeyushwa kutoka barafu ya TD Garden, uwanja wetu wa Boston, akayamwaga uwanjani kwao. Nilishika simu nikampigia kaka yangu Arusha, hakuelewa kwa nini napiga kelele.

Mvua_ya_BC

Umeruka kitu mechi ya sita. Umekiruka kwa makusudi kabisa.

Sekunde ya 20. Mason Raymond wa Vancouver, amegeuza mgongo, kajikunja, hana kisahani. Johnny Boychuk wa Boston anamkumbatia kwa nyuma, anamsukuma hivyohivyo amekunjika mpaka matako yanagonga ukuta. Mfupa wa uti wa mgongo ulivunjika. Refa: hakuna faulo. Ligi: hakuna kufungiwa. WIKI MOJA baada ya kumpa Rome nne kwa sababu Horton "aliumia". Mtu kavunjika mgongo, adhabu sifuri!

Muuguzi kasema tuadhibu kitendo. Murphy kasema tuadhibu na jeraha. Sawa, kwa kipimo chochote mnachotaka, Boychuk anapata nini? Na kijana yule Raymond, mwenye kasi vile, tulimkosa mechi ya saba na mwanzo wa msimu uliofuata.

Kwetu_Bukavu

Nguzo ya kioo, sasa ukuta. Boston wana bahati na vifaa vya uwanja.

Baba_Edmonton

😂😂 Hiyo ni kali.

Kipa_wa_Panari

Nimetoka kuitazama sasa hivi. Boychuk hakuja kwa kasi, walikuwa wameshakabana tayari na Raymond ndiye aliyeinama vibaya. Lakini aliendelea kumsukuma baada ya kisahani kuondoka, na mtu aliyepinda kiuno vile hana namna ya kujikinga. Kwangu ni dakika mbili uwanjani bila mjadala. Kufungiwa, ningeisikiliza kesi.

Mlinzi_wa_Garden

Boychuk alistahili mechi. Niwekee mbili. Nimeandika hapa mbele ya watu na ndugu zangu wa Boston wataniondoa kwenye kundi la WhatsApp. Ila hebu uone Mvua, hicho ndicho nilichoanza nacho. Murphy alikaa kiti kile kwa sababu bosi wake, Colin Campbell, hakuweza kukaa: mwanawe Gregory anachezea Boston. Siku ya mechi ya kwanza ligi ikatangaza Brendan Shanahan ndiye atakayeshika idara msimu ujao. Mtu wa mpito, ofisi inahamishwa, na mkononi ana fainali kali kuliko zote za miaka ile. La kwanza akaliachia, la pili akalikaza kupita kiasi ili kusawazisha, la tatu akaogopa kukaza tena. Wachezaji wa pande zote mbili wakacheza ndani ya huo ukungu.

Muuguzi_Quincy

Na Shanahan alipoanza akawa anatoa video kwa kila adhabu, anaeleza kitendo hatua kwa hatua. Angalau ukajua wanapima nini, hata pale ulipobisha.

Baba_Edmonton

Tukabisha zaidi, kwa sababu sasa tulikuwa na video.

Mvua_ya_BC

Mlinzi, haya, nakupa heshima kwa hizo mbili za Boychuk. Mtu wa Boston wa kwanza kumsikia.

Mlinzi_wa_Garden

Sasa na wewe lipa. Burrows alistahili ngapi kwa jino?

Mvua_ya_BC

...

Moja.

Mlinzi_wa_Garden

Moja tu?

Mvua_ya_BC

Moja, glavu ilikuwa mdomoni. Na mechi ya pili tungeshinda vilevile bila yeye.

Baba_Edmonton

Mabao matatu ya mechi ya pili: mawili kafunga Burrows, la Daniel Sedin ni pasi ya Burrows. Mngeshinda na nani, na Luongo kupiga vichwa?

Mvua_ya_BC

Mzee nenda kalale, Edmonton kuna theluji ya kuzoa asubuhi.

Simba_wa_Kariakoo

Nimeshachagua timu. Vancouver. Pointi 117 za msimu, kwanza kwenye ligi nzima, halafu kombe hamna mpaka leo. Mimi na maumivu kama hayo tunafahamiana. Nitumieni saa za mechi kwa saa za huku, na mtu aniambie kama huyo Burrows bado anacheza.

Kwetu_Bukavu

Burrows aliacha, alikuja kuwa kocha msaidizi hapa kwetu Montréal. Wala hatukumwogopa.